NCHI IKISHAAMUA KUJITOA, INAWEZA KUGHAIRI?



Kila likitokea zogo kati yetu na majirani, utasikia mtu anasema "si tujitoe tu kwenye hii Jumuiya!" Ilisikika mwaka 2017, serikali yetu ilipochoma vifaranga vilivyoingizwa Namanga kutoka Kenya na kupiga mnada ng'ombe wa Wamasai wa upande wa pili. Ikasikika tena Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu. Na kila mara yupo mwingine wa kumjibu: "Mkitoka hamrudi, mtakuwa kama Waingereza."

Wote wawili wanaongea kama vile kujitoa ni kufunga mlango, pwaa, imeisha. Sivyo ilivyo. Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu, siyo mwanasheria, ila mikataba hii haijaandikwa kwa ajili ya wanasheria peke yao. Nimeisoma, nimekaa na mifano ya nchi zilizojitoa, na nilichokiona ni kwamba swali la "inawezekana kughairi?" lina jibu rahisi. Swali gumu ni lile linalofuata: nani mwenye haki ya kughairi kwa niaba yetu?

Tuanze na rahisi. Kura ya kujitoa peke yake haikutoi popote. Bunge likipiga kura, au wananchi wakipiga kura ya maoni, hapo umetangaza nia tu. Kinachokutoa ni barua, ile notisi inayopelekwa kwa Katibu Mkuu wa jumuiya husika, na muda ulioandikwa kwenye mkataba kuisha. Kati ya siku barua inapofika na siku muda unapoisha wewe bado ni mwanachama kamili. Ni kama mpangaji aliyetoa notisi ya kuhama: mpaka mwezi uishe chumba ni chake na kodi ni yake.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 ukaanza kazi tarehe 7 Julai 2000. Ibara ya 145 ndiyo inayozungumzia kujitoa, na ina masharti mawili. La kwanza, Bunge la nchi husika lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge WOTE wenye haki ya kupiga kura, siyo theluthi mbili ya waliojitokeza siku hiyo. Hapo pana tofauti kubwa. Bunge likiwa na wabunge 390 zinatakiwa kura 260, hata kama nusu yao wako majimboni au wanakunywa chai kantini. La pili, nchi impe Katibu Mkuu notisi ya maandishi ya miezi kumi na miwili. Halafu kinafuata kipande ambacho watu wengi hawakijui: notisi hiyo itafanya kazi isipokuwa kama nchi imeifuta kabla ya miezi hiyo kumi na miwili kwisha.

Yaani kughairi kumeandikwa mle mle ndani ya mkataba. Unaruhusiwa kubadili mawazo, umepewa mwaka mzima, na huombi ruhusa ya Kenya wala Uganda. Ndani ya mwaka huo unaendelea kulipa michango na kutii sheria za Jumuiya. Hata ukitoka kabisa, madeni na ahadi za muda mrefu ulizoingia ukiwa mwanachama zinabaki shingoni mwako.

Sasa linganisha na Ulaya, maana hapo ndipo swali hili lilipoleta kesi. Waingereza walipiga kura ya maoni tarehe 23 Juni 2016, waliotaka kutoka asilimia 51.9, waliotaka kubaki 48.1. Barua wakaipeleka tarehe 29 Machi 2017, kwa kutumia ibara ya 50 ya mkataba wa Umoja wa Ulaya, inayotoa miaka miwili. Ila ibara hiyo haikusema kitu juu ya kufuta notisi. Kimya kabisa. Wengine wakasema kimya maana yake hairuhusiwi, wengine wakasema inaruhusiwa ila nchi nyingine zote zikubali kwanza. Wanasiasa kadhaa wa Scotland wakaenda mahakamani, kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 10 Desemba 2018 majaji wakasema: Uingereza inaweza kuifuta notisi peke yake, bila kuomba idhini ya yeyote, na itabaki na uanachama wake uleule na masharti yaleyale. Masharti ya kughairi ni kwamba uamuzi ufuate utaratibu wa katiba ya nchi yenyewe, na ufanyike kabla mkataba wa kuondoka haujaanza kazi au muda haujaisha.

Kwa hiyo walikuwa na ruhusa mkononi. Mwaka 2019 zaidi ya watu milioni 6 wakaweka sahihi ombi la kutaka notisi ifutwe. Serikali ikakataa, ikaomba kuongezewa muda, ikaongezewa tena na tena, mpaka tarehe 31 Januari 2020 wakatoka. Leo Muingereza akitaka kurudi hana barua ya kufuta. Atapanga foleni kama nchi yoyote inayoomba kujiunga, na nchi zote 27 zikubali. Kwa hiyo yule anayesema tutakuwa kama Waingereza hajakosea sana, amesahau tu kwamba walikaa karibu miaka mitatu mlango ukiwa wazi.

Afrika mifano ipo, na mmoja ni mzuri kuliko wa Ulaya. Tuondoke kidogo kwenye miungano, twende kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kule The Hague. Najua ile ni mahakama, siyo muungano wa kisiasa, lakini barua ya kujitoa inafanya kazi vilevile: notisi ya mwaka mmoja. Mwaka 2016, kati ya Oktoba na Novemba, nchi tatu zilipeleka barua karibu kwa pamoja: Afrika Kusini, Burundi na Gambia. Angalieni kilichotokea kwa kila mmoja.

Gambia, Rais Jammeh aliyeandika barua alishindwa uchaguzi wa Desemba 2016. Aliyemfuata, Adama Barrow, akaifuta Februari 2017. Afrika Kusini, chama cha upinzani kilikwenda mahakamani kikisema serikali imepeleka barua bila kuliuliza Bunge. Tarehe 22 Februari 2017 Mahakama Kuu kule Pretoria ikasema kweli, kitendo hicho kilivunja katiba, futeni. Machi 2017 wakaifuta. Burundi hakuna aliyefuta, na tarehe 27 Oktoba 2017 ikawa nchi ya kwanza kutoka kwenye mahakama ile.

Barua tatu za aina moja, matokeo tofauti kabisa. Gambia aliyeghairi ni rais mpya, maana yake wananchi kupitia sanduku la kura. Afrika Kusini waliolazimisha kughairi ni majaji. Burundi aliyeamua ni yuleyule aliyeandika, na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Turudi kwetu. Sisi Tanzania tumewahi kujitoa mahali, na vijana wengi wa rika langu hawajui. Tulikuwa COMESA, ile jumuiya ya soko la mashariki na kusini mwa Afrika. Mwaka 1999 serikali ilitoa notisi, na Septemba 2000 tukatoka rasmi. Sababu zilizotolewa ni kwamba tulikuwa kwenye vikundi vingi mno, SADC huku, Afrika Mashariki kule, na kwamba kushusha ushuru kungepunguza mapato na kuumiza viwanda vyetu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 31 Oktoba 2000, nchi tisa za COMESA zikaanza biashara huru kati yao, Kenya ikiwemo.

Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya au mzuri, wachumi wamebishana juu yake zaidi ya miaka ishirini. Ninachosema ni kwamba mwaka wa notisi ulikuwepo, wafanyabiashara wakubwa walilalamika, na notisi haikufutwa. Mpaka leo hatujarudi. Kati ya nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni sisi na Sudan Kusini tu ambao hatumo COMESA. Tukitaka kurudi tutaomba upya na kukubali kila walichokubaliana sisi tukiwa nje.

Kurudi baada ya muda kuisha huwa kunachukua umri wa mtu. Morocco walijitoa OAU mwaka 1984 kwa hasira ya Sahara Magharibi, wakaja kupokelewa Umoja wa Afrika Januari 2017. Miaka thelathini na tatu! Walipotoka OAU ilikuwa hai, waliporudi OAU yenyewe ilishakufa na jina limebadilika. Rwanda ilitoka kwenye jumuiya ya Afrika ya Kati mwaka 2007, ikarudi baada ya miaka kama minane hivi, halafu Juni 2025 ikatangaza inatoka tena. Hao angalau wamezoea njia.

Na Jumuiya yetu ya kwanza je? Ile ya mwaka 1967, ya Nyerere, Kenyatta na Obote. Haikupigiwa kura na mtu. Ilivunjika mwaka 1977 kwa kununiana, nchi zikang'ang'ania ndege na mabehewa, bajeti ya pamoja haikupita, basi. Hakukuwa na notisi wala mwaka wa kufikiria. Tanzania ikafunga mpaka na Kenya mwaka huohuo 1977, ukafunguliwa 1983. Kugawana mali kulisuluhishwa na Mswisi mmoja, Victor Umbricht, mpaka mkataba wa mgawanyo ukasainiwa Mei 1984. Jumuiya mpya ikaanza 2000. Na wale wafanyakazi wa Jumuiya ya zamani, wa reli, posta, bandari na ndege, bado miaka ya 2000 walikuwa wanaandamana Dar es Salaam wakidai mafao yao. Waliolipia mnuno wa wakubwa ni wazee wale.

Kwa mtu wa Simiyu hilo siyo hadithi ya mbali. Ukitoka Bariadi ukafika Lamadi, kulia ni barabara ya Musoma mpaka Sirari. Ng'ombe, dengu, choroko, mchele, bidhaa za dukani, vyote vinaijua barabara hiyo. Mpaka wa miaka sita uliofungwa maana yake mtoto anaanza darasa la kwanza hadi anakaribia kumaliza la saba, njia haipitiki kihalali. Wa magendo walipita, hilo tunalijua, na wao ndio waliokula faida.

Sasa kwenye Muungano wenyewe, wa Tanganyika na Zanzibar. Najua hapa ndipo wengine mlikuwa mnasubiri.

Hati za Muungano zilisainiwa na Nyerere na Karume tarehe 22 Aprili 1964, Muungano ukaanza tarehe 26 Aprili. Humo hamna ibara ya kujitoa. Hamna notisi, hamna miezi kumi na miwili, hamna Katibu Mkuu wa kumpelekea barua. Katiba ya mwaka 1977 inasema Tanzania ni nchi moja, na kubadilisha kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake. Maana yake nini kwa swali letu? Kwamba ikifikia huko hakuna kipindi cha katikati. Kwenye Jumuiya una mwaka wa kukaa na barua na kujiuliza mara mbili. Kwenye Muungano, sheria ikipita na kuanza kazi, imeanza. Hakuna cha kufuta.

Lakini kura iliyokaribia huko iligeuzwa kabla haijazaa kitu, na hii ndiyo stori ambayo kila mtu anayeuliza "inawezekana kughairi?" anatakiwa aijue.

Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu. Bara kukawaka moto, wabunge wakihoji Zanzibar inajiungaje na chombo cha kimataifa wakati mambo ya nje ni ya Muungano. Zanzibar ikajitoa OIC Agosti 1993 (hata hiyo ni kughairi, ila leo tuiache). Lakini wabunge wa Bara hawakutulia. Kundi la wabunge 55, maarufu kama G55, Njelu Kasaka akiwa mstari wa mbele, likaleta hoja ya kuwa na Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Agosti 1993 Bunge likapitisha. Siyo kura ya kuvunja Muungano, wenyewe walisema wanataka kuuboresha, ziwe serikali tatu. Ila Mwalimu Nyerere, ambaye alishaacha uenyekiti wa CCM tangu 1990, aliona hatua hiyo mwisho wake ni kuvunjika. Akaja juu. Akaandika mpaka kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akiwashambulia kwa majina viongozi walioacha hoja ile ipite.

Kilichofuata, Chama kikakaa vikao, kikaenda kuuliza maoni ya wanachama wake, majibu yakarudi kwamba wengi wao hawataki serikali tatu. Mwaka 1994 azimio likawekwa kando. Bunge lilelile lililopitisha ndilo likaachana nalo.

Kwa hiyo ndiyo, kura inaweza kugeuzwa, na kwetu ilishageuzwa. Lakini angalia aliyegeuza. Wabunge wale walichaguliwa mwaka 1990 enzi za chama kimoja, na kwa katiba mbunge akipoteza uanachama wa chama chake anapoteza na ubunge. Chama kikisema geuka, unageuka au unarudi nyumbani. Walioulizwa maoni ni wanachama wa CCM, mkulima wa pamba wa Itilima asiye na kadi hakuulizwa kitu, wala kabla ya kura ya kwanza wala kabla ya kughairi. Mtu anaweza kufurahi Muungano umepona, na mimi binafsi sitaki uvunjike, lakini bado nikajiuliza kwa nini walioulizwa walikuwa wenye kadi tu.

Mwaka 2013 ikajirudia kwa sura nyingine. Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni, ikaleta rasimu yenye serikali tatu. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba likakaa Dodoma, likazirudisha mbili. Mwenyekiti wa kamati ya uandishi alikuwa Andrew Chenge, mbunge wetu wa Bariadi Magharibi wakati huo, ambaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1993 hadi 2005. Piga hesabu ya miaka hiyo: sakata la G55 kufutwa, kutoka COMESA, kusaini mkataba wa Jumuiya, vyote vilitokea akiwa kwenye kiti kile. Halafu watu wanasema Bariadi tuko pembeni ya nchi! Katiba Inayopendekezwa ilipita Oktoba 2014, kura ya maoni ya wananchi ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa hadi leo.

Nirudi kwenye Jumuiya nimalizie, maana hapo ndipo pana shimo ambalo linaweza kutuhusu siku yoyote. Kutoka, mkataba umesema wazi: Bunge, theluthi mbili. Kughairi, umesema "nchi" inaweza kufuta notisi. Nchi ni nani? Rais? Baraza la mawaziri? Bunge tena kwa theluthi mbili, au kwa wingi wa kawaida? Mkataba hausemi. Katiba yetu ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba, yaani kuingia. Juu ya kutoka na kughairi kutoka haina neno. Mkataba wa Jumuiya angalau umeziba nusu ya tundu hilo kwa kutaja Bunge kwenye kutoka. Kwenye COMESA mwaka 1999 barua ilikuwa ya serikali.

Novemba 2013, Kenya, Uganda na Rwanda walipokuwa wanakutana bila sisi, Rais Kikwete alikwenda Bungeni akasema Tanzania haitoki. Watu wakapiga makofi, na mimi naona alisema vizuri. Lakini rais mwingine angeweza kusimama palepale akasema kinyume chake, na makofi yangepigwa vilevile. Tofauti ni kwamba huyo wa pili angehitaji zile kura 260. Kura moja pungufu, hakuna barua. Ila akishazipata, barua ikaenda, halafu mwezi wa kumi na moja wakulima na wafanyabiashara wakaanza kupiga kelele kwamba soko limekufa, hakuna ibara inayosema kelele zao zisikilizwe na nani.

Wale wazee mnaokumbuka Sirari ilivyokuwa kati ya 1977 na 1983, mlipitaje na mliuza wapi, wekeni kwenye maoni hapo chini. Na wa G55 pia, kama kuna aliyesikiliza Bunge redioni mwaka ule. Matusi ya vyama nitayafuta, hoja naziacha hata kama zinanipinga.